Mchawi wangu anakufa kila wiki: nihame fani?

"Assalaam aleikum. Tuko watano, tunacheza Dungeons & Dragons mchezo wa hadithi ya kubuni ambamo kila mtu ana mhusika wake na dadu huamua matokeo, kila Alkhamisi baada ya Isha, ukumbini kwetu Wete. Kanuni tulizipakua bure tukazichapisha steshenari, dadu tunarusha kwa simu. Binamu yangu ndiye mwendesha mchezo, anayesimulia hadithi na kuwachezesha maadui. Kila mhusika ana fani yake: wenzangu wana mpiganaji, mwizi na mwindaji. Mimi nilichukua mchawi kwa sababu ndiye niliyempenda tangu siku ya kwanza. Tatizo, nakufa. Wakitokea goblini (viumbe wadogo wakorofi) wawili watatu, uhai wangu ukifika sifuri binamu ananiambia nimekufa, nakaa pembeni mpaka mapambano yaishe, halafu natengeneza mhusika mpya. Nimeshazika wachawi watatu na hata daraja la pili sijaliona. Wenzangu wananiambia niache ubinafsi, nichukue kuhani, maana kikundi hakina wa kuponya. Mmoja akasema hata malenga, fani ya mshairi mwenye uchawi, anaponya, wengine wakacheka: malenga dhaifu, hana kazi. Na juu ya hayo, bi mkubwa amelisikia neno 'mchawi' mara nyingi kutokea ukumbini, ameanza kuuliza. Fani ipi ndiyo bora kwa mtu kama mimi?"

Waaleikum salaam. Naanza na sentensi ambayo wewe umeipita mbio, mimi ikanisimamisha: uhai ukifika sifuri, binamu anakwambia umekufa. Kwa kanuni mlizonazo, sivyo. Na likirekebishwa hilo, huenda nusu ya malalamiko yako ikaondoka kabla hatujaigusa habari ya fani.

Hati ya bure mliyoichapisha, kama ni ile iliyoachiwa kwa leseni huria mwezi wa Januari 2023, inafuata toleo la tano la mwaka 2014, na hesabu zangu zote hapa ni za toleo hilo. Humo mhusika akifika sifuri anazimia. Zamu yake inapofika anarusha dadu la pande 20: akipata 10 au zaidi amefaulu, chini ya hapo amefeli. Akifaulu mara tatu anatulia; bado kazimia, lakini hafi. Akifeli mara tatu, huyo maiti. Akipata 1 huhesabiwa kafeli mara mbili, na akipata 20 yenyewe anaamka palepale akiwa na uhai 1. Pande 11 kati ya 20 ziko upande wake, kwa hiyo hata wenzake wasipomjali kabisa, mzani umelalia kidogo kwenye kupona.

Kufa papo hapo kupo, ila sharti lake ni gumu. Pigo lazima likufikishe sifuri, kisha kinachobaki cha pigo hilo kiwe sawa na uhai wako wote au zaidi. Mchawi wa daraja la kwanza mwenye mwili wa wastani mzuri ana uhai 8. Goblini anapiga kwa dadu la pande sita, ongeza 2, yaani pigo lake la kawaida ni kati ya 3 na 8. Hata kama umebakiwa na uhai 1, pigo lake kubwa kabisa linabakiza 7, na 7 haijafika 8. Ina maana goblini hawezi kukuua kwa pigo moja la kawaida. Anakuzimisha. Labda dadu lake liangukie 20, hapo madadu ya pigo huongezwa maradufu na hesabu inabadilika.

Sidhani binamu yako kafanya kwa ubaya. Sifuri kuwa kifo ndivyo mchezo ulivyokuwa zamani, na michezo mingi ya kompyuta tuliyoikulia iko hivyohivyo, basi mtu anaingia mezani na mazoea yake bila kujua. Mwambie mfungue pamoja ukurasa unaoeleza mhusika aliyefika sifuri. Usimwambie mbele ya watu siku ya mchezo. Mwendesha mchezo akisahihishwa hadharani katikati ya mapambano huwa mbishi, hata akiwa mtu mzuri. Nasema haya kwa kuwa na mimi ni mwendesha mchezo.

Kuna jambo moja la kumuuliza papo hapo. Ukiwa umezimia, kila pigo linalokupata linahesabiwa kufeli mara moja, na likitoka kwa adui aliye karibu yako kabisa, mara mbili. Sasa, je, goblini wake wana desturi ya kumchoma aliyekwisha kuanguka? Kanuni zinaruhusu. Lakini goblini ni mwoga mwenye akili: mbele yake kuna mpiganaji ana upanga mkononi, atapoteza zamu kumchoma aliyelala? Kwenye meza yangu hapa Mjini, Unguja, adui anayemaliza waliozimia ni yule mwenye sababu, na wachezaji huwa wanaijua sababu hiyo kabla.

Tuseme hilo limekwisha. Bado utaanguka mara nyingi kuliko wenzako, na inafaa ujue ni kwa nini, usije ukadhani unacheza vibaya.

Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mchezo huu Marekani mwaka 1974, fani zilikuwa tatu tu: mpiganaji, mchawi na kuhani. Mwizi alikuja mwaka uliofuata katika kijitabu cha nyongeza. Kati ya mpiganaji na mchawi kulikuwa na makubaliano yasiyosemwa: mpiganaji ana nguvu leo na kesho ataongeza kidogo, mchawi leo hana kitu lakini akifika mbali hakuna wa kusimama naye. Ni mkarafuu. Aliyeupanda hangojei kuanika karafuu mwaka huo huo. Katika kanuni za mwaka 1978 mchawi mpya alirusha dadu la pande nne kupata uhai wake na alikuwa na tamko moja la uchawi kwa siku nzima. Akishalitumia, kilichobaki ni kisu na dua. Wenzio wanaokucheka sasa, hawakumwona huyo.

Makubaliano hayo yamelegezwa katika toleo lenu, lakini hayajafutwa. Tazama hesabu. Goblini akirusha dadu la pande 20 kukushambulia anaongeza 4. Mchawi mwenye wepesi wa kawaida ana kinga 12, yaani namba ambayo adui lazima aifikie ndipo akupate, basi goblini anahitaji 8 tu au zaidi: anakupata mara 13 kati ya 20. Mpiganaji wenu, akiwa na deraya ya minyororo na ngao, ana kinga 18; goblini huyohuyo anahitaji 14, anampata mara 7 kati ya 20. Mpiganaji ana uhai wa 12 hivi, na anaweza kuvuta pumzi akajirudishia kidogo katikati ya vita. Wewe una 8. Mapigo mawili yanakulaza karibu kila mara. Kwa hiyo mkiingia chumbani wote wanne mkasimama bega kwa bega, kuanguka kwako hakuna siri yoyote.

Dawa ya kwanza ni mahali pa kusimama, na nitakaa hapa kidogo kwa kuwa ndipo wachawi wengi wachanga wanapoponea au kupotelea. Uta mfupi wa goblini unafika vizuri futi 80. Kuzidi hapo anaweza kupiga, lakini anarusha dadu mara mbili na kuchukua dogo. Mshale wako wa moto, lile tamko dogo lisilokwisha, unafika futi 120. Tamko la usingizi linafika 90. Nje, kwenye uwazi, una ukanda mzima ambamo wewe unampata naye anahangaika. Ndani ya pango au nyumba huna futi 90, basi una kuta. Nusu ya mwili ikiwa nyuma ya kitu, kinga yako inaongezeka 2. Ukichungulia kwenye upenyo mdogo tu, inaongezeka 5. Kizingiti cha mlango ni rafiki yako kuliko tamko lolote. Toka, piga, rudi nyuma ya ukuta. Unaweza kugawa mwendo wako, kiasi kabla ya kupiga na kiasi baada ya kupiga. Wengi hawajui kama inaruhusiwa.

Goblini wana hila yao: wanaweza kukwepa au kujificha bila kupoteza zamu, kwa hiyo watampita mpiganaji wenu bila kuogopa upanga wake. Mpiganaji akisimama katikati ya chumba kikubwa hamlindi mtu. Akisimama mlangoni, wewe nyuma yake, hapo hapitiki. Jambo hili mkubaliane nje ya mlango, mkishaingia mmechelewa.

La pili ni matamko yenyewe. Daraja la kwanza una nafasi mbili za matamko makubwa, na ukipata mapumziko mafupi unarudisha moja, mara moja kwa siku. Tatu kwa jumla. Wengi wanazitumia kuunguza. Mimi ningeamka asubuhi nikavaa deraya ya kichawi: nafasi moja, inakaa saa 8, kinga inapanda kutoka 12 hadi 15, na goblini anashuka kutoka 13 kati ya 20 hadi 10. Kisha mkipata mapumziko nairudisha nafasi hiyo. Iliyobaki naiweka kwa ajili ya usingizi. Tamko hilo linarusha madadu matano ya pande nane, wastani kama 22, na kiasi hicho ndicho cha uhai kinacholala, kuanzia aliye dhaifu. Goblini ana uhai 7. Watatu wanalala kwa zamu moja, bila kurusha dadu la kujiokoa. Hakuna mpiganaji wa daraja la kwanza anayeweza kuwaondoa goblini watatu kwa zamu moja. Sema hivyo kwa upole siku watakapocheka.

Lakini nisikupake mafuta. Usingizi ni tamko la utotoni. Mkikutana na zimwi lenye uhai 59, madadu yako matano ni bure. Na tamko la ngao, linalokuongezea kinga 5 mpaka zamu yako inayofuata, ni zuri mno, ila linakula nafasi ileile. Mchawi wa daraja la kwanza ni mtu wa kuchagua anyimwe nini. Kuna wanaoona utamu hapo, kuna wanaoona adhabu. Ikifika daraja la tano, unapata tufe la moto la madadu manane, na wenzio wataacha kucheka, wataanza kukuuliza wasimame wapi wasiungue.

Sasa habari ya kuhani. Hapa nakutetea kwa nguvu zote, kwa kuwa dai la wenzako nimelisikia kwenye kila meza mpya, na halisimami.

Wanadhani kuponya ni kurudisha uhai uliopotea wakati mapambano yanaendelea. Fanya hesabu nao. Tamko la kawaida la kuponya, katika daraja la kwanza, linarudisha wastani wa 7 na nusu na linakula kitendo chote cha zamu. Goblini mmoja akikupata anatoa wastani wa 5 na nusu. Wakiwa watatu, kuhani anayeponya tu anajaza ndoo iliyotoboka huku hakuna goblini aliyepungua. Kuwalaza au kuwaua haraka kunaokoa uhai mwingi zaidi kuliko kuurudisha. Kuponya kunakofaa vitani ni kule kwa kumwinua aliyezimia. Mtu akiwa na uhai 1 anasimama na kupiga sawasawa na mwenye uhai 12. Ndiyo maana neno la kuponya, linalorudisha kidogo tu lakini kwa mbali, futi 60, na bila kukunyima kitendo chako, ni la thamani kuliko tamko lile kubwa. Kuhani analo. Malenga analo. Druidi, mtu wa uchawi wa maumbile, analo.

Na kikundi chenu hakiko uchi kama wanavyosema. Mwindaji wenu akifika daraja la pili anaanza kupata matamko, na tamko la kuponya limo katika orodha yake. Je, ameambiwa hilo? Au amepanga kuchukua mishale tu halafu wewe ndiye mbinafsi? Mkoba wa tiba unauzwa sarafu 5 za dhahabu, unatumika mara kumi, na mtu yeyote akiutumia kwa aliyezimia anatulia bila kurusha dadu lolote. Dawa ya kuponya ni sarafu 50. Mapumziko mafupi yanamrudishia kila mtu uhai kwa madadu yake mwenyewe. Wanne mkichanga sarafu za pango la kwanza mnapata mikoba miwili na chenji.

Simpingi kuhani kama kuhani. Ni fani imara, anavaa deraya, ana ngao, anapiga na kusaidia, na mtu anayependa kuwa nguzo ya wenzake hatajuta. Ninachopinga ni kupewa fani kama zamu ya kuosha vyombo. Mchezaji aliyelazimishwa kuponya, baada ya wiki chache, ndiye anayeanza kuchelewa kuja.

Kuna jambo jingine kuhusu kuhani ambalo wenzako hawajaliwaza, na bi mkubwa ataliwaza mara moja: kwa kanuni, nguvu za kuhani zinatoka kwa mungu fulani wa ulimwengu ule wa kubuni. Nitarudi hapo.

Malenga, basi. Kucheka kwao kuna historia. Katika vitabu vya 1978 malenga alikuwa nyuma kabisa, kwenye viambatisho, na ili uwe malenga ilibidi kwanza uwe mpiganaji, kisha mwizi, ndipo uende kwa madruidi kujifunza. Katika toleo la 2000 akawa fani ya kawaida, lakini matamko yake yalikoma ngazi ya sita wakati ya mchawi yakienda hadi ya tisa, na kila alilofanya kulikuwa na mwenzake anayelifanya vizuri zaidi. Maneno ya "malenga dhaifu" yalianzia huko, yakasambaa intaneti, na vijana wanayarithi bila kujua yametoka wapi. Katika toleo mnalocheza ninyi malenga anafika ngazi ya tisa sawa na mchawi. Uhai wake ni wa dadu la pande nane, wako la pande sita. Anavaa deraya nyepesi. Ana neno la kuponya. Ana tamko la usingizi, lilelile. Na ana kipaji cha kumtia mwenzake moyo: anampa dadu la pande sita aliongeze kwenye mtupo wake wowote muhimu, wa kushambulia, wa kujiokoa au wa kujaribu jambo, na anafanya hivyo bila kupoteza kitendo.

Tamko lake dogo ninalolipenda kuliko yote ni dhihaka. Unamtupia adui maneno, akishindwa kujizuia anaumia kidogo, dadu la pande nne tu, na mtupo wake unaofuata wa kushambulia unaharibika: anarusha mara mbili anachukua dogo. Kwa mtu wa Pemba hii ni fani ya nyumbani. Kisiwa kilichowatoa Kamange na Sarahani, waliojibizana kwa beti watu wakazihifadhi mpaka leo, kinashindwaje kumpa malenga heshima? Nimewahi kuona mchezaji akimtungia goblini ubeti wenye vina kamili kabla ya kurusha dadu, ukumbi mzima ukasimama. Kanuni hazimlazimishi mtu kutunga. Ila mwendesha mchezo gani atakunyima kitu baada ya hapo?

Hasara zake nizitaje vilevile. Malenga hana mlipuko mkubwa. Mshale wa moto hana, tufe la moto hana katika orodha yake ya kawaida, na dhihaka yake hata ikipata inauma kama kuchanjwa. Kazi yake kubwa inaonekana kwenye mitupo ya wengine: mwizi akimpata adui kwa dadu ulilompa, shangwe ni ya mwizi. Kama wewe furaha yako ni kuona meza ikishtuka kwa ulichokifanya wewe, malenga atakukausha. Kutia moyo nako kuna ukomo, mara 3 hivi kwa siku mwanzoni, na hazirudi mpaka mlale usiku. Na malenga anataka mchezaji anayefungua mdomo. Mkimya anaweza kumcheza, lakini atakuwa amelipia chumba asichokilala.

Wengine nawapitia haraka kwa sababu hukuwauliza. Druidi anafaa kwa anayependa matamko na kugeuka mnyama. Ana kurasa nyingi za kusoma. Paladini, askari wa kiapo, anaponya kwa kugusa na ana deraya nzito, lakini anapigana kwa karibu, na kwa ulivyoandika sidhani ndicho unachotaka. Yule anayepewa uchawi kwa kufunga mkataba na kiumbe wa ulimwengu mwingine, mwache kwa sasa, kwa sababu ya hili linalofuata.

Bi mkubwa. Usimcheke na usimfiche. Kwetu huku uchawi si hadithi ya watoto, na mzazi akisikia mwanawe anasema "mimi ni mchawi" usiku wa kuamkia Ijumaa ana haki ya kusimama mlangoni. Wala si yeye wa kwanza. Miaka ya 1980 huko Marekani kwenyewe vikundi vya Wakristo viliupinga mchezo huu kwa hofu ileile, na toleo la 1989 lilitoka likiwa limeondolewa majina ya mashetani. Mimi si ustadhi, na hukumu ya dini sitoi. Hilo mpelekee mtu mwenye elimu unayemwamini, umkalie uso kwa uso, umweleze mnachofanya hasa, usimwulize kwa mstari mmoja wa simu. Ninachoweza kusema ni kinachotendeka mezani: hakuna anayesoma maneno ya uganga, hakuna kiapo, hakuna kafara. Mtu anasema "nawalaza goblini watatu," anarusha dadu, anatoa 7 kwenye 22, basi. Mwalike akae nusu saa aone. Akina mama wengi wakishaona hesabu za kujumlisha na kutoa zilivyo nyingi hubaki wakishangaa kwa nini skuli hamkuwa na bidii hiyo.

Tena majina ni yenu. Kanuni hazijali mhusika anaitwaje. Mchawi wa vitabu anaweza kuwa msomi wa nyota na maumbile katika mji wa kubuni, kitabu chake ni cha fomula, moto wake ni elimu. Hakuna namba hata moja inayobadilika. Ila kuhani kumtoa kwa mungu wake wa kubuni ni kazi kubwa zaidi. Inawezekana, kwenye meza yangu makuhani huapa kulinda ahadi au mji, na miungu hatuitaji kabisa. Lakini kama nyumbani kuna wasiwasi tayari, ajabu ni kwamba fani wanayokusukumia wenzako huenda ikawa nzito kwa mama kuliko hiyo uliyonayo.

Umeniuliza fani bora kwa mtu kama wewe. Fani bora kuliko zote haipo. Waulize wachezaji wakongwe kumi wanayoipenda, watakupa majibu manane na ugomvi mmoja. Mimi mtu akiniuliza huwa namtaka anijibu jambo moja: zamu yako ikifika, unataka kuwa unafanya nini? Unataka kuangalia chumba chote na kutafuta tamko moja litakaloigeuza hali, hata kama baadaye utakaa zamu tatu ukirusha mshale wa moto tu? Wewe ni mchawi, baki. Unataka kila zamu uwe na mkono katika jambo la mwenzako, na vita vikiisha uwe wa kwanza kuzungumza na mlinzi wa lango? Huyo malenga. Unataka kusimama mbele na bado uwe na msaada? Kuhani, kwa hiari yako.

Kwa ulivyoandika, "ndiye niliyempenda tangu siku ya kwanza" hata baada ya kuwazika watatu, nakushauri mchawi wa nne, kwa masharti haya: binamu akubali kanuni ya kuzimia, mpiganaji akubali kusimama mlangoni, mwindaji achukue tamko la kuponya akifika daraja la pili, na kikundi kinunue mkoba wa tiba. Mpe vipindi vichache. Ukiona bado unaangalia simu wakati wenzako wanacheza, mwombe binamu akuruhusu malenga kwa usiku mmoja wa majaribio, hadithi ya pembeni isiyogusa ile kubwa. Hutapoteza kitu, na wanaocheka watapata nafasi ya kupewa yale madadu ya pande sita.

Mazungumzo na binamu yafanye mkiwa wawili, kabla ya Alkhamisi, karatasi ya mhusika mkononi. Mwoneshe ukurasa, kisha umwulize anataka mchezo wa aina gani, maana kuna waendesha mchezo wanaopenda kwa makusudi ule ukali wa zamani, na kama ni hivyo ni haki yake, ila sote mezani tujue. Akisema anataka sifuri iendelee kuwa kifo, basi omba muanzie daraja la tatu, uhai wako utakuwa kama 20, au ubadili fani bila kinyongo, kwa sababu kanuni hiyo haikutengenezewa mchawi mwenye uhai 8. Na kama maneno ya "mbinafsi" yameanza kutoka nje ya ukumbi, yakafika kwenye kundi la simu au kwenye mlo wa nyumbani, simamisheni mchezo wiki moja mkae mzungumze kama ndugu, hata kumwita mkubwa mmoja asiyecheza. Siku mkivuka kuja Unguja, njoo na karatasi yako ya mhusika tuiangalie pamoja. Mwanzoni mwa karatasi ya mchawi kuna matamko sita ya kuchagua, na nina shaka watatu wale walichagua manne ya kuunguza.